Nasaba ya Sheshani: Binti, Mtumwa na Maana ya "Mwana" katika Orodha za Yuda

Sura tisa za mwanzo za Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati aghalabu hurukwa na wasomaji. Jina hufuata jina, mtu humzaa mtu, na msomaji asiye na subira huona kwamba humo hamna kisa wala mafunzo. Lakini mwandishi wa kale hakuziandika orodha hizo kwa kujaza karatasi. Kwake nasaba ilikuwa hati. Ilibainisha nani ni wa nani, nani ana haki katika ardhi ya mababu, na nani hana budi kukaa nje ya mlango wa jamaa. Ndiyo maana neno moja katika orodha ya namna hii laweza kuwa na uzito kuliko ukurasa mzima wa masimulizi.

Makala haya yanachunguza orodha moja fupi, nayo ni nasaba ya Sheshani wa ukoo wa Yerameeli, iliyomo katika 1 Nyakati 2:25-41. Sheshani si mtu mashuhuri. Hakupigana vita vilivyoandikwa, hakutoa unabii, wala hakuketi katika kiti cha enzi. Hata hivyo aya chache zinazomhusu zimebeba swali ambalo kila jamii inayohifadhi nasaba hulikabili siku moja: ukoo unapokosa mtoto wa kiume, je, umekufa? Tena zimebeba swali la pili, la kiisimu, linalomgusa moja kwa moja mwanafunzi wa Kiswahili: je, "mwana" ni nani?

1. Mahali pa Sheshani katika kabila la Yuda

Kwa mujibu wa orodha hiyo, Yuda alimzaa Peresi, Peresi akamzaa Hesroni, na Hesroni akawa na wana watatu: Yerameeli, Ramu na Kelubai. Kwa Ramu ndiko alikotokea mfalme Daudi. Yerameeli, ingawa ndiye kifungua mimba, ukoo wake haukupata utawala. Alikuwa na wake wawili. Wa kwanza hakutajwa jina. Wa pili aliitwa Atara, naye ndiye mama yake Onamu. Kutoka kwa Onamu orodha yashuka kwa Shamai, Nadabu, Apaimu na Ishi, hata ikamfikia Sheshani. Kwa hiyo, akihesabiwa Yuda mwenyewe kuwa wa kwanza, Sheshani ni wa kumi.

Ukoo wa Yerameeli watajwa pia nje ya orodha hizi. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli mna habari za Negebu ya Wayerameeli na za miji yao (27:10, 30:29), nao wanaelezwa kama watu wa upande wa kusini waliokuwa karibu na Yuda. Mwaka 1870 mtaalamu Mjerumani Julius Wellhausen, katika tasnifu yake juu ya koo za Yuda, alidai kwamba watu wa namna ya Wayerameeli na Wakalebu walikuwa kwanza makundi yenye kujitegemea, ndipo baadaye wakaingizwa katika kabila la Yuda kwa njia ya nasaba. Mtu aweza kukubali au kukataa hoja hiyo kwa jumla, lakini yamkumbusha msomaji jambo la msingi: nasaba si kumbukumbu ya damu peke yake. Ni lugha ambayo jamii huitumia kueleza uhusiano wake na jirani zake.

2. Orodha mbili zilizounganishwa

Mtu akiitazama kwa makini sehemu inayomhusu Yerameeli, ataona kwamba kwa hakika ni orodha mbili. Ya kwanza ni aya ya 25 hadi ya 33. Yaanza kwa kuwataja wana wa Yerameeli na yamalizika kwa kusema kwamba hao ndio waliokuwa wana wa Yerameeli. Yaani mlango umefunguliwa na kufungwa kwa maneno yaleyale. Muundo wake ni wa matawi. Kila baba hutajwa pamoja na wana wake, kisha kila mwana hufuatwa kivyake. Fomula yake ni ya jina: bene fulani, yaani "wana wa fulani", halafu majina.

Ya pili ni aya ya 34 hadi ya 41. Hii imekuja baada ya mlango kufungwa. Muundo wake ni mstari mmoja ulionyooka bila tawi lolote, na fomula yake si ya jina bali ya kitenzi: holid, "alimzaa". Sheshani hakuwa na wana wa kiume ila mabinti. Alikuwa na mtumwa Mmisri aliyeitwa Yarha. Akamwoza binti yake, na binti akamzaa Atai. Kisha mstari wateremka: Atai, Nathani, Zabadi, Eflali, Obedi, Yehu, Azaria, Helesi, Eleasa, Sismai, Shalumu, Yekamia, Elishama. Majina 13, pasi na maelezo yoyote.

Tofauti hii ya miundo si ya bure. Nasaba ya matawi hueleza jinsi koo zinavyohusiana kwa upana, nani ni ndugu ya nani. Nasaba ya mstari hutetea haki ya mtu mmoja, yule wa mwisho. Robert R. Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu nasaba na historia katika ulimwengu wa Biblia, aliyapambanua mambo haya kwa kutumia, miongoni mwa ushahidi mwingine, mifano iliyokusanywa na wanaanthropolojia barani Afrika. Kwa kipimo hicho, mwenye hoja katika orodha ya pili ni Elishama. Mtu fulani, wakati fulani, alihitaji kuonyesha kwamba Elishama ni wa Yerameeli, na kwa hiyo ni wa Yuda, ijapokuwa baba wa baba zake alikuwa mtumwa kutoka Misri.

3. Tatizo la Alai

Hapa ndipo penye fundo. Aya ya 31, katika orodha ya kwanza, yasema kwamba bene Sheshan ni Alai. Aya ya 34, katika orodha ya pili, yasema kwamba Sheshani hakuwa na banim ila banot. Neno bene ni umbo la banim linapounganishwa na jina lifuatalo. Kwa hiyo aya moja yaonekana kumpa Sheshani mwana, na nyingine yamnyang'anya.

Wafasiri wametoa majibu mbalimbali. Wengine wamesema kwamba Alai alikuwa mwana wa kiume aliyekufa kabla ya baba yake. Wengine wamesema Alai ni jina jipya la Yarha baada ya kuingizwa katika jamaa. Wengine wameridhika kusema kwamba mkusanyaji alikuwa na hati mbili zilizopingana, akaziweka zote mbili bila kuzipatanisha. Jibu la nne ni kwamba Alai ni yule binti mwenyewe.

Jibu hili la nne lina nguvu zaidi kuliko linavyodhaniwa, na nguvu yake yatoka katika sarufi. Fomula ya bene katika orodha hizi imekwisha kuganda. Yatumika katika wingi hata pale panapofuata jina moja tu. Orodha yasema "wana wa Apaimu", kisha yamtaja Ishi peke yake; yasema "wana wa Ishi", kisha yamtaja Sheshani peke yake. Mtindo huohuo waonekana katika Kitabu cha Hesabu 26:8, ambapo wana wa Palu ni Eliabu tu. Ikiwa fomula imepoteza nguvu ya kuonyesha idadi, si ajabu ikiwa imepoteza pia nguvu ya kuonyesha jinsia. Bene hapa ni kichwa cha safu, kama vile karani aandikavyo "Majina ya Watoto" juu ya ukurasa ambao baadaye waandikwa jina moja.

Ushahidi wa pili umo katika sura ya 11 ya kitabu hichohicho. Miongoni mwa mashujaa wa Daudi atajwa Zabadi mwana wa Alai (11:41). Nasaba ya Sheshani nayo inaye Zabadi, kitukuu cha yule binti. Je, ni mtu mmoja? Hesabu ya vizazi haipingi sana. Daudi ni wa kumi na moja kutoka kwa Yuda. Zabadi, akihesabiwa binti wa Sheshani kuwa kizazi kamili, ni wa kumi na nne. Tofauti ya vizazi vitatu katika nasaba za kale, ambazo mara nyingi huruka majina, si kizuizi kikubwa. Na kuitwa kwa jina la mama au bibi si jambo geni katika habari za Daudi: Yoabu, Abishai na Asaheli hujulikana daima kuwa wana wa Seruya, na Seruya alikuwa dada yake Daudi.

Lipo jambo la tatu, dogo lakini lenye kugusa. Konsonanti za jina Alai katika Kiebrania ni zilezile za neno la kutamani, neno ambalo Kiswahili hulitafsiri kwa "laiti". Neno hilo ni adimu katika Biblia. Mahali pamoja linapotokea ni katika kinywa cha kijakazi Mwisraeli aliyetekwa na Washami, alipokuwa akimtakia bwana wake Naamani apate kuponywa (2 Wafalme 5:3). Jina peke yake si hoja. Lakini mzee asiye na mrithi wa kiume kumwita bintiye Laiti ni jambo ambalo mtu yeyote wa nchi hizi ataelewa pasipo kuelezwa.

4. "Ben" na "mwana"

Mtafsiri wa Kiswahili anapoifikia aya ya 31 ana bahati ambayo wenzake wa lugha nyingi za Ulaya hawana. Neno "mwana" katika Kiswahili halibagui jinsia. Mwana aweza kuwa wa kiume au wa kike, na mtu akitaka kupambanua hulazimika kuongeza neno. Zaidi ya hayo, katika mwambao "Mwana" ni neno la heshima linalotangulia majina ya wanawake. Yatosha kumtaja Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utendi wake mwaka 1858. Kwa hiyo mwandishi akiandika "wana wa Sheshani: Alai", hajasema lolote linalopingana na aya ya 34. Ukinzani unaomsumbua msomaji wa Kiebrania hautokei, kwa sababu lugha yenyewe imeacha mlango wazi.

Hali hubadilika mara mtu anapotumia mtindo mwingine wa kutaja nasaba uliomo katika Kiswahili, ule uliotokana na Kiarabu. "Bin" na "binti" hupambanua. Nasaba ya mwambao husomwa kwa mnyororo wa "bin", fulani bin fulani bin fulani, na katika mnyororo huo mwanamke aweza kuwa wa kwanza tu, yule anayetajwa. Hawezi kuwa kiungo cha katikati. Mtu akisema "Alai bin Sheshani" amekwisha kuamua swali. Akisema "Alai binti Sheshani" ameliamua pia, ila kwa upande wa pili. Kiswahili, basi, kina mitindo miwili ya nasaba ndani yake: mmoja wa Kibantu unaohesabu wana, na mmoja wa Kiarabu unaohesabu akina baba. Aya hii moja yadhihirisha mpaka kati ya mitindo hiyo kuliko mifano mingi ya kutungwa.

5. Nani alizaliwa kwa nani?

Fundo la pili la kiisimu limo katika aya ya 35. Sheshani alimpa Yarha, mtumwa wake, binti yake awe mkewe, kisha wafuata maneno matatu: watteled lo et, na jina la Atai. Kitenzi ni cha mwanamke, na lo ni "kwake" au "kwa ajili yake". Kiswahili hueleza jambo hilo kwa neno moja lenye mnyambuliko wa kutendea: "akamzalia". Tafsiri hii ni sahihi kabisa, hata utata wa Kiebrania umehifadhiwa. Alimzalia nani? Mume wake Yarha, au baba yake Sheshani? Kiambishi "-m-" hakisemi, kama vile lo isivyosema.

Kwa kanuni ya ukaribu, msomaji atamfikiria Yarha. Lakini sheria ya Israeli yalifanya jibu lisiwe rahisi hivyo. Kutoka 21:4 yaeleza kwamba bwana akimwoza mtumwa wake mke, naye akazaa wana au mabinti, mke na watoto ni wa bwana. Sheria hiyo, ambayo kwa mtumwa wa kawaida ilikuwa chungu, hapa yageuka kuwa daraja. Watoto wa Yarha kwa sheria ni wa nyumba ya Sheshani. Mtumwa hana ukoo wa kuwapa, na kwa hiyo ukoo wa mama hauna mshindani. Sara Japhet wa Chuo Kikuu cha Kiebrania huko Jerusalem ni mmoja wa wataalamu walioisoma habari hii kwa mwanga wa sheria za watumwa, na usomaji huo waeleza vizuri kwa nini mtumwa alichaguliwa badala ya mwungwana.

Kisa cha mabinti wa Selofehadi chathibitisha jambo hilo kwa kinyume chake. Mabinti watano wa mtu huyo wa Manase walipewa haki ya kurithi kwa sababu baba yao hakuacha mwana wa kiume (Hesabu 27). Lakini mara wakubwa wa ukoo walileta lalamiko: mabinti hao wakiolewa na watu wa kabila lingine, ardhi itawafuata waume. Ikaamriwa waolewe ndani ya kabila la baba yao (Hesabu 36). Hofu yote ilikuwa juu ya mume mwenye kabila. Sheshani aliikwepa hofu hiyo kwa kumchagua mume asiye na kabila lolote katika Israeli. Mtumwa Mmisri hakuwa na ndugu wa kuja kudai shamba.

Ni vema kuona pia kwamba orodha ya kwanza yawataja wanaume wawili, Seledi na Yetheri, waliokufa bila wana. Habari zao zakatika hapo. Kwa Sheshani hakukuandikwa kwamba alikufa bila wana. Iliandikwa kwamba hakuwa na wana wa kiume "ila" mabinti. Neno hilo dogo, ki im katika Kiebrania, ndilo lililouokoa ukoo.

6. Uzito wa jambo hili baada ya uhamisho

Wataalamu wengi huuweka utungaji wa Mambo ya Nyakati katika karne ya 4 KK, baada ya Wayahudi kurudi kutoka Babeli. Zama hizo nasaba zilikuwa jambo la kufa na kupona kijamii. Kitabu cha Ezra chataja watu 652 waliorudi lakini wakashindwa kuthibitisha nyumba ya baba zao (2:60). Nehemia ataja 642 (7:62). Makuhani waliokosa hati walizuiwa katika huduma, na miongoni mwao walikuwamo watu walioitwa kwa jina la Barzilai, kwa kuwa babu yao alioa kwa Barzilai akachukua jina la ukweni. Sura za mwisho za Ezra zaeleza jinsi wake wa kigeni walivyofukuzwa.

Katika hali hiyo ndipo mwandishi wa Mambo ya Nyakati aliponakili, bila lawama na bila kuomba radhi, nasaba iliyopita kwa mtumwa wa Misri. Wala hakuificha mbali: katika sura hiyohiyo wamo mke Mkanaani wa Yuda, Tamari, na Yetheri Mwishmaeli aliyemwoa Abigaili dada yake Daudi. Kabila la Yuda, kwa kalamu yake, ni nyumba yenye milango mingi. Kumbukumbu la Torati ilikuwa imekwisha kuruhusu watoto wa Mmisri kuingia katika mkutano katika kizazi cha tatu (23:7-8). Orodha hii yafika kizazi cha kumi na tatu baada ya Yarha.

Si wote waliopokea jambo hilo kwa moyo mmoja. Katika mapokeo ya Kiyahudi ya baadaye, Elishama wa orodha hii alioanishwa na Elishama babu yake Ishmaeli mwana wa Nethania, yule aliyemwua Gedalia liwali wa Yuda baada ya Jerusalem kuangushwa na Wababeli. Waliooanisha hivyo waliona katika tendo la Ishmaeli dosari iliyotokana na damu ya mtumwa. Kwa hiyo orodha ileile iliyoandikwa ili kumwingiza mtu, ilisomwa baadaye ili kumtoa. Hapana mfano ulio wazi zaidi wa jinsi nasaba isivyosema yenyewe, bali husemeshwa na msomaji wake.

7. Kipimo kutoka Afrika

Mlinganisho na Afrika unaleta nuru, mradi usivutwe mno. Mwanasheria wa mwambao angestaajabia ndoa ya binti Sheshani, kwa kuwa kwa kanuni ya kufu mtumwa si kufu ya mwungwana, na nasaba ya mtoto humfuata baba. Mapokeo ya Habari za Pate yasimulia kwamba Mnabahani aliyetoka Omani alimwoa binti wa mtawala wa hapo, na utawala ukamfuata mkwe. Binti alikuwa daraja huko Pate kama alivyokuwa kwa Sheshani, lakini mwelekeo ni kinyume: Pate, mgeni alileta nasaba yake ikaitawala nyumba, kwa Sheshani, nyumba iliimeza historia ya mgeni.

Wanueri wa Sudan Kusini wako karibu zaidi na Sheshani. E. E. Evans-Pritchard, katika uchunguzi wake uliochapishwa mwaka 1940, alionyesha jinsi Wadinka waliotekwa walivyoingizwa katika koo za Wanueri, na jinsi uzao wa binti ulivyoweza kuhesabiwa ndani ya ukoo kwa jina la mwanamke kukaa katika nasaba mahali ambapo lingekaa jina la mwanamume. Hivyo ndivyo hasa Alai alivyokaa chini ya kichwa cha bene Sheshan.

Kutokana na hayo, aya ya 31 na ya 34 hazina haja ya kupatanishwa kwa kumwua mwana ambaye hakuandikwa kuwa amekufa. Ya kwanza yahesabu wana, ya pili yaeleza jinsia yao. Mtafsiri wa Kiswahili anayeacha "wana wa Sheshani" bila nyongeza katika aya ya 31, na kuweka "wa kiume" katika aya ya 34 tu, huwa ameitendea haki lugha ya asili na lugha yake mwenyewe. Akifanya vinginevyo, atakuwa amemfuta katika orodha mwanamke ambaye bila yeye majina 13 yasingeandikwa.